Ngozi ya Nduli

Harufu ya uji wa ngano uliopoa ndiyo iliyonichokoza. Nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu kwenye darasa la sanaa kule Kimandolu, ambako vijana hukusanyika Jumamosi kukata, kuchora na kuchafua nguo ambazo mama zao watazifua. Mwalimu wao, kijana mwenye nywele za kusokota, aliniamkia shikamoo, nikamwitikia, akanionyesha ukuta. Ulikuwa umejaa picha zilizotengenezwa kwa vipande vya magazeti: bendera, nyuso za watu, mlima Meru uliokatwa kutoka kwenye tangazo la simu. Mezani palikuwa na sufuria ya gundi.

"Hii inaitwa kolaji, Bibi," alinieleza kwa upole ule ambao vijana huutumia kwa watu wenye mvi. "Unachukua kumbukumbu zako mwenyewe na historia ya nchi, unavichanganya. Ni sanaa mpya kidogo huku kwetu."

Mpya! Nilicheka mpaka mjukuu wangu akajificha nyuma ya mlango kwa aibu. Nikainamia ile sufuria, nikanusa tena. Unga wa ngano, maji moto, kidogo umeshika chini. Jamani! Sikuwa Kimandolu tena, nilikuwa Nkoaranga, peku, na vidole vimegandana.

Wenzangu wa rika langu mliokulia mlimani mnazijua kuta zetu. Nyumba yetu ilikuwa ya mabanzi, na baridi ya Meru ilipita kwenye nyufa kana kwamba na yenyewe ina kitanda humo ndani. Kila Krismasi ilipokaribia, Mama alikoroga unga wa ngano kwenye sufuria kuukuu, na sisi tukabandika magazeti ukuta mzima, kuanzia sakafuni hadi mkono wa mtu mzima unapofika. Magazeti aliyaleta Baba kutoka mjini. Mengine yalikuja yamefunga sabuni, mengine yamefunga misumari, na mara mojamoja tulibahatika kupata kalenda ya mwaka uliokwisha, yenye picha za wanyama wa mbugani, rangi tupu. Siku hiyo ya kubandika ilikuwa sikukuu kuliko sikukuu yenyewe. Tulilamba vidole, tulipakana gundi puani, tulichapwa, tukaendelea.

Bibi yangu, mama yake Baba, hakujua kusoma, na ndiye aliyependa kubandika kuliko sisi sote. Kwa hiyo nusu ya viongozi wa taifa hili walikaa nyumbani kwetu kichwa chini, miguu juu. Ukimwambia Bibi amebandika kinyume, anakujibu, "Wenyewe wanajua walivyosimama." Mimi nilijifunza kusoma kwenye ukuta huo, nikiwa nimepinda shingo. Na kwa kuwa vipande vilipandana, habari ya huku iliungana na habari ya kule. Nilisoma kwamba kahawa ya Meru imefungwa mabao mawili. Nilisoma kwamba waziri mmoja amezaa mapacha baada ya kudungwa sindano ya chanjo ya ng'ombe. Nilisadiki yote, maana yalikuwa yameandikwa.

Miaka mingi baadaye, tulipoibomoa nyumba ile, mabanzi yalitoka na ngozi nene ya karatasi, tabaka juu ya tabaka. Wanavijiji waliokuwa wanahamishwa walikuwa chini, akina mama wa kisomo wakiwa na slati zao walikuwa juu yao, halafu vita, halafu foleni za sukari. Fundi alitaka kuzichoma. Nilimfokea mpaka akashuka kwenye ngazi. Lakini hayo ni ya baadaye, na mimi nataka kuwaambia habari ya nduli.

Baba alikuwa dereva wa lori la ushirika, lori la kubeba kahawa. Vita ilipoanza kule Kagera, lori lilihitajika, na dereva akahitajika pamoja na lori lake. Alituaga asubuhi kama anakwenda Moshi kupeleka magunia. Nilimuuliza Mama amekwenda wapi hasa. Mama akanijibu kwa sentensi ambayo redio ya jirani iliirudia kutwa: amekwenda kumpiga nduli.

Nyie mnacheka, kwa sababu mnajua nduli ni jina tulilompa mtawala wa nchi jirani aliyetuvamia. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nyumbani tulizungumza Kimeru. Kiswahili kilikuwa cha shule, na shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha wanyama ambao wengine hatukuwahi kuwaona: nyati, nyumbu, ngiri, ndovu. Sasa niambieni, nduli angekuwa nini kama si mwenzao? Tena kila nilichosikia kilinithibitishia. Nduli anakula watu. Nduli amevuka mto. Nduli amejeruhiwa. Ndovu waliposhuka kutoka msituni na kukanyaga migomba yetu, wanaume walitoka na madebe na mienge wakawafukuza. Basi nduli ameingia kwenye shamba la Tanzania, na Baba amekwenda kusaidia kumfukuza kwa lori. Hakuna kilichokuwa na utata hapo. Gazeti moja liliandika "nduli fashisti", nikaelewa kwamba fashisti ndiye jike lake.

Kilichonisumbua kilikuwa sura tu. Nilimuuliza Bibi, "Bibi, nduli ana mkia?"

Kiswahili cha Bibi kilikuwa kile cha kanisani. Aliwaza sana, akisonga huku na huku na kikapu chake cha maharage.

"Shetani anao," akasema mwishowe.

Nikatosheka.

Shuleni ndiko nilikojichongea. Kulikuwa na mvulana mmoja darasani kwetu, Elirehema, aliyejua kila kitu duniani na ambaye alikaa dawati la mbele ili asipoteze muda kunyoosha mkono. Nilipotangaza kwamba Baba atarudi na ngozi ya nduli, Elirehema alisimama kabisa.

"Hakuna mnyama anaitwa nduli. Haya, taja rangi yake!"

"Inategemea," nikamwambia.

"Inategemea nini?"

"Inategemea amekula nini."

Darasa likashangilia, na mimi nikavimba kichwa. Tangu siku hiyo nikawa nagawa ngozi. Huyu kipande cha mkanda, yule kipande cha kufunika kigoda cha bibi yake. Elirehema nilimwahidi ncha ya mkia, akome ubishi. Mungu wangu, nilikuwa na furaha! Kila jioni nilikimbia kushuka njia ya mtoni na kupanda tena, nikijua kwamba mtoto mwenye baba wa namna ile hawezi kuteleza. Na niseme wazi kabisa, ngozi niliitaka kwa ajili ya fujo. Baba nilimtaka kwa ajili yake mwenyewe. Nilimtaka arudi na kelele zake, maana Baba alikuwa mtu wa kusimulia. Hakuwahi kwenda safari akarudi na neno moja. Alituletea kila kona, kila mbuzi aliyekatiza barabara, kila trafiki na namna alivyovaa kofia, na Mama alikuwa anamwambia, "Baba watoto, kula kwanza," naye anamjibu, "Subiri, hujafika penyewe."

Halafu siku moja kengele ya kanisa ikalia siku isiyo ya ibada. Nduli amekimbia! Watu walitoka mashambani na majembe begani, wanawake wakapiga vigelegele kutoka mteremko huu hadi ule, watoto tukaachiwa shule tukakimbia barabarani tukipunga majani ya masale na kuimba nyimbo tulizozitunga palepale, hazina vina wala maana. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Bibi alicheza. Bibi yangu, mwenye goti bovu, alicheza katikati ya barabara akiwa ameshika kikapu.

Usiku ule Mama hakulala vizuri, na kulipokucha akatangaza kwamba ukuta wa sebuleni utabandikwa upya. Baba hawezi kurudi akute ukuta umechakaa. Ngano ilikuwa haipatikani, dukani kulikuwa na chumvi na viberiti basi, lakini Mama alizunguka kwa majirani na bakuli lake, kikombe hapa, nusu kikombe pale.

"Unaunywesha ukuta uji," Bibi akalalamika, "na watoto wanywe nini?"

"Watakunywa baba yao akirudi, Mama."

Tukabandika kutwa nzima. Yalikuwa magazeti ya vita matupu, vifaru, mabango, watu wanapungia malori mikono, na Mama akayapanga kwa uangalifu usio wa kawaida, yote wima, akimzuia Bibi asikaribie. Kisha akaenda mtoni kuteka maji. Aliacha sufuria ya gundi, wembe, na ile kalenda ya wanyama. Aliniacha na mimi.

Sasa niliweza kumtengeneza. Nilichukua kichwa cha simba, nikakipachika meno makubwa ya mwanamke wa tangazo la dawa ya mswaki. Macho niliyatoa kwa mtoto mnene wa maziwa ya kopo. Kiwiliwili nilikiunga kwa vipande vya kifaru cha vita, miguu minne nikaitoa kwa ndovu, na mkia, mrefu, mrefu kabisa, niliukata kwenye barabara ya lami iliyokuwa inazinduliwa na mtu fulani. Nilimbandika katikati ya ukuta, juu ya kazi yote ya Mama. Alikuwa mkubwa kunizidi. Nilirudi nyuma nikamtazama, nikapiga makofi, maana alitisha kweli.

Mama aliingia na ndoo kichwani.

"Ebo! Ni nini hiki?"

"Nduli. Ili Baba akija ajue kwamba na sisi tunamjua."

Mama akaitua ndoo. Nilijikunja nikisubiri kofi. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikageuka kitu kingine na akajifuta uso kwa kanga. Alitaka kumbandua. Bibi akamzuia, akasema ukimbandua huyo unabandua na ukuta. Mama angeweza kuniambia ukweli siku ile. Nadhani aliona raha kuishi kidogo katika nchi ambayo nduli ana mkia.

Wanajeshi walianza kurudi. Mjini Arusha watu walijazana kuyapokea malori, na Mama alishuka kila aliposikia msafara unapita, akiwa amevaa gauni lake la Jumapili. Alirudi na gauni lenye vumbi. Baba hakuwemo. Wengine walimwambia wamemwona, wengine walisema madereva watabaki hadi mwisho. Elirehema akaanza kuniuliza kila asubuhi, "Mkia wangu uko wapi?" na mimi nikamwambia ngozi inakaushwa kwanza, wewe mjinga, hujui ngozi inakaushwa?

Alikuja asubuhi ya manyunyu. Nilikuwa kwenye mibuni nikichuma, nikamwona mtu anapanda njia yetu kwa mguu, amevaa koti lisilo lake, mikono imepita vidole. Nilimjua kwa mwendo. Sikumbuki nilivyofika. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimemshika paja na napiga mayowe, na Bibi huko juu anapiga mayowe, na Mama ametoka na mikono ya unga. Mungu anisamehe, nilipomaliza kulia nilikwenda moja kwa moja kwenye begi lake. Blanketi, sufuria, shati. Nikaligeuza begi ndani nje. Ngozi hakuna.

"Lori liko wapi?" Bibi akamuuliza.

Baba akatazama mikono yake.

Majirani walikuja, wakaimba, wakasali. Baba aliwaambia "salama", akawaambia "tunamshukuru Mungu", na baada ya hapo mdomo ukafungwa. Siku zikapita. Alikata majani ya ng'ombe, alitengeneza uzio, alikula alichopewa. Mimi nilimfuata kila alikokwenda nikimwuliza kona za barabara zikoje huko, mbuzi wanakatiza au hawakatizi, naye ananishika kichwa tu. Sebuleni alikaa kwenye kiti kinachotazama mlango, nduli akiwa nyuma yake, na hakugeuka hata mara moja. Nilimsikia Mama jikoni akimwambia Bibi, "Mama, mimi nimerudishiwa koti. Mtu wa ndani yake bado hajafika." Nilielewa hiyo bila tafsiri. Nikaisahau ngozi kabisa. Nilitaka aseme. Aseme chochote, hata anigombeze.

Jumapili moja, baada ya ibada, Elirehema akaja na nusu ya darasa. Walipiga hodi kwa adabu zote.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Tumekuja kuangalia ngozi ya nduli."

Nilitamani sakafu ipasuke. Baba aliwatazama, akanitazama mimi, na nikaona hajui wanazungumzia nini. Elirehema akatabasamu lile tabasamu lake la dawati la mbele. Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Nilimshika Baba mkono, nikamvuta kwa nguvu zangu zote mpaka akainuka kwenye kiti, nikamgeuza kwenye ukuta.

"Baba, waambie. Si ndivyo alivyo?"

Alimtazama. Alitazama meno, macho, vile vyuma vya kifaru tumboni, miguu, ule mkia wa lami. Alikaribia, akapapasa karatasi kwa kidole. Alikaa hivyo mpaka watoto wakaanza kusukumana. Mimi nilikuwa nasubiri aseme hapana, na ningelipokea hata hapana.

"Umekaribia," akasema.

"Nimekosea wapi?"

"Umesahau viatu."

"Viatu?" Elirehema alidakia, alishindwa kujizuia. "Mnyama anavaa viatu?"

"Huyu anavaa. Vyeusi. Vimepigwa kiwi." Kisha Baba akanigeukia. "Nipe wembe, mama. Gundi ipo?"

Gundi haikuwepo. Nilikimbilia jikoni, nikachota uji wa Bibi kwenye kikombe chake, Bibi akinitukana kwa Kimeru, nikarudi mbio. Baba alikuwa ameshapata viatu kwenye tangazo pembeni ya dirisha, viatu vya afisa vinavyong'aa, na alikuwa anavikata polepole, ulimi nje, kama anavyofanya mtoto. Vilikuwa viwili tu. Alivibandika kwenye miguu ya nyuma, akarudi hatua moja, akatikisa kichwa.

"Miguu imezidi," akasema.

Akaingiza ukucha chini ya mguu wa mbele wa ndovu, akaubandua. Akabandua na wa pili. Gundi ilikuwa imekauka, karatasi ikachanika na kutoka na vipande vya magazeti ya zamani, na pale palipokuwa na miguu pakabaki watu wadogo wa habari nyingine, wanapunga mikono. Na nduli wangu, bila miguu ya mbele, akawa amesimama. Alisimama wima, kavaa viatu, anatutazama sote.

Watoto wakarudi nyuma.

"Kumbe ni mtu," Elirehema akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Ni mtu," Baba akasema. "Kule tulikofika picha zake zilikuwa kwenye kuta za watu. Watoto wenzenu walikuwa wanalala chini yake."

Nilimsogelea. Haikuwa hofu peke yake, nawaambia ukweli. Baba yangu alikuwa ametoa sentensi ndefu! Sikuthubutu hata kumeza mate, nikihofia nitamkatisha. Akakaa chini, palepale sakafuni, uji wa Bibi vidoleni, na watoto wakakaa kumzunguka bila kuambiwa.

"Lile lori," akaanza, kwa Kimeru sasa, "mnalikumbuka lile lori, lilivyokuwa halipendi mlima?"

Akatueleza lilivyogoma kwenye tope, na askari walivyolisukuma wakilibembeleza kwa jina la mke wa mkubwa wao, tukacheka mpaka tukalala chali. Alitueleza mbuzi. Walikuwepo mbuzi huko, na walikatiza barabara. Alipofika kwenye habari ya utingo wake, kijana wa Lemara aliyeondoka naye, akajisugua gundi kwenye vidole, na mimi nikadhani imekwisha tena. Kisha akasema jina la yule kijana, akasema na namna alivyokufa, na akaendelea kusimulia huku analia. Bibi alikuwa amekuja, ameegemea ukuta. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Subirini," Baba akasema, "hamjafika penyewe."

Jikoni ndizi zikaanza kuungua. Mama alijua, sote tulijua, moshi ulikuwa umeshaingia sebuleni. Hakuna aliyeinuka.